Jitu la Uganda Lililonyimwa Kauli

Mashabiki wa mieleka ya Marekani wakianza kubishana juu ya maadui wakubwa wa miaka ya 1980, jina la Kamala halichelewi kutajwa, na likitajwa watu hugawanyika papo hapo. Wapo wanaomsifu bila kusita: jitu la karibu mita mbili, uzito wake ukitangazwa kupita kilo 170, likiingia ulingoni pekupeku huku ngoma zikirindima, kinyago usoni na mkuki mkononi, na kinyago kikivuliwa unaonekana uso uliopakwa rangi nyeupe na njano, nyota na mwezi zimechorwa kifuani hadi tumboni. Wapo wengine, hasa vijana waliomkuta kwenye picha za zamani, wanaoona kwamba huo ulikuwa udhalilishaji wa mtu mweusi mwanzo hadi mwisho na kwamba heri jina lenyewe lisahaulike. Naona pande zote mbili zinakosea mahali pamoja. Zinazungumza kana kwamba utamu wa Kamala, au ubaya wake, ulikuwa katika ukali. Ukali kila adui wa mieleka anao. Ndiyo kazi aliyoajiriwa. Kilichomtenga Kamala na wenzake ni kwamba alinyimwa kauli. Hakupewa neno la kusema, wala sababu ya kupigana, wala hata akili ya kujua kanuni za mchezo aliokuwa akiucheza, na upungufu huo wote ukabandikwa kwenye nchi halisi iliyo kwenye ramani, Uganda.

Aliyebeba jina hilo aliitwa James Harris. Alizaliwa mwaka 1950 huko Senatobia, jimbo la Mississippi, akakulia Coldwater, mji mdogo wa jirani. Alipita kazi ambazo vijana weusi wa Kusini walizipata, za mashambani na za kuendesha malori, kisha akahamia Benton Harbor, Michigan, mji aliokuwa akiishi Bobo Brazil, mwanamieleka mweusi aliyeheshimika kuliko wote wa kizazi chake. Huko ndiko alikoingia katika kazi hii, na mwaka 1978 akaanza kupanda ulingoni. Alipovuka bahari kwenda kupigana Uingereza, alitangazwa kama mtu katili kutoka Mississippi. Aliporudi nyumbani mwaka 1982, akafanya kazi Memphis, mwendo usiofika saa moja kwa gari kutoka Coldwater, Mississippi haikuwa tena na ugeni wa kumtisha mtu. Ndipo promota Jerry Jarrett na mwanamieleka Jerry Lawler, ambaye pia ni mchoraji, walipomtengenezea kwao kupya. Umbo la uhusika huo walilitoa kwenye picha ya msanii Frank Frazetta, mchoraji wa majitu na mashujaa wa hadithi za kubuni. Filamu fupi ya kumtambulisha ikapigwa kwenye shamba la Jarrett huko Tennessee, barafu kavu ikatoa moshi katikati ya miti, na msitu wa Uganda ukawa umepatikana. Watazamaji wakaambiwa kwamba huyu alikuwa mlinzi wa Idi Amin.

Kwa nini Amin? Mwaka 1982 Amin hakuwa na serikali ya kulindwa. Majeshi ya Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni walikuwa wamemtoa Kampala mwezi Aprili 1979, baada ya vita alivyoanzisha mwenyewe kwa kuvamia Kagera, na Obote, rais ambaye Amin alikuwa amempindua, alikuwa amesharudi Ikulu. Lakini mapromota wa mieleka hawakufuatilia siasa za Afrika Mashariki. Walifuatilia kile ambacho mtazamaji wao alikuwa tayari anakijua. Uganda ilikuwa imeingia sebuleni kwa Wamarekani kupitia mateka wa Entebbe wa Julai 1976 na filamu za televisheni zilizofuata upesi, moja mwaka uleule na nyingine 1977. Kazi ya kumfanya Mganda aogopwe ilikuwa imeshafanywa na watu wengine, bure, na promota alihitaji rangi, mkuki na mtu mkubwa tu. Hivi ndivyo biashara hii ilivyoendeshwa kwa miaka mingi. Marekani ilikuwa imegawanywa kwa maeneo, kila eneo na promota wake, na adui alizunguka kutoka eneo moja hadi jingine, akikaa mpaka watu wamchoke. Mgeni mpya alihitajika kila mara, na habari za kimataifa zilikuwa ghala lisiloisha. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Jack Adkisson wa Texas aligeuka Fritz Von Erich, Mjerumani. Baada ya Wamarekani kushikwa mateka Tehran kuanzia Novemba 1979, Iron Sheik akawa mtu wa kuzomewa nchi nzima. Larry Shreve, mzaliwa wa Windsor nchini Kanada, alijulikana duniani kama Abdullah the Butcher, mwendawazimu kutoka Sudan.

Hapo ndipo anaposimama mtetezi wa Kamala mwenye hoja nzito kuliko wote. Atasema: kumbe kila taifa lilipata zamu yake, Mjerumani, Mrusi, Mjapani na Mwajemi, sasa kwa nini Mwafrika alalamike peke yake? Hoja hii ingekuwa na nguvu kama zamu hizo zingelingana. Hazikulingana. Iron Sheik, jina lake halisi Khosrow Vaziri, alikuwa Mwajemi kweli na mwanamieleka wa ridhaa aliyewahi kusaidia kufundisha timu ya Marekani ya Olimpiki. Alipewa bendera, akapewa kipaza sauti, akawatukana Wamarekani kwa Kiingereza chake chenye lafudhi na kuisifu nchi yake, na tarehe 26 Desemba 1983, katika ukumbi wa Madison Square Garden, akapewa mkanda wa dunia wa kampuni ya mieleka ya WWF, uliokuwa kiunoni mwa Bob Backlund. Aliushika mpaka 23 Januari 1984, Hulk Hogan alipouchukua. Mwenzake Nikolai Volkoff, mzaliwa wa Yugoslavia aliyecheza kama Mrusi, alisimama katikati ya ulingo kabla ya kila pambano na kuuimba wimbo wa taifa wa Umoja wa Kisovyeti huku takataka zikirushwa. Mtazamaji aliwachukia watu hawa kwa sababu ya walichokisema na walichokiamini. Walikuwa wapinzani wenye hoja, hata kama hoja yenyewe iliandikwa ili ishindwe.

Kamala hakupewa hata kipande cha hayo. Alinguruma, alipiga tumbo lake kwa viganja, alitumbua macho kwenye taa kana kwamba hajawahi kuona umeme. Mbele yake alitembea mtu aliyevaa mavazi ya msafara wa kikoloni, kofia ngumu na uso umefichwa, aliyeitwa Kim Chee, ambaye ndiye pekee aliyeweza kumwamuru. Tazama jinsi alivyomaliza mapambano. Akishamwangusha mpinzani, humtupia mwili wake wote, kisha humlalia huku mpinzani huyo akiwa kifudifudi, tumbo chini. Mwamuzi anakataa kuhesabu, kwa sababu ushindi ni mabega mawili sakafuni kwa hesabu ya tatu. Kamala haelewi. Anamtazama mwamuzi, anamtazama Kim Chee, anapigwapiga mgongoni, anaonyeshwa kwa mikono, na mpinzani anapata nafasi ya kuamka. Ukumbi mzima unacheka. Ujumbe wa kichekesho hicho ni kwamba huko alikotoka hakuna hata mchezo wenye kanuni. Wakati huohuo, Buganda ina mieleka yake ya asili, ekigwo, yenye miaka mingi kuliko WWF na Memphis kwa pamoja, ambapo kinachotafutwa ni kumwangusha mwenzako kwa ufundi wa miguu na viuno mbele ya watu wanaojua wanachokitazama. Katika nchi zote za kuchagua, jitu lisilojua mieleka lilitolewa Uganda.

Wala haiwezi kusemwa kwamba Wamarekani hawakuwa na Mganda mwingine wa kumtazama. Tarehe 25 Juni 1981, mwaka mmoja tu kabla ya moshi wa barafu kule shambani kwa Jarrett, Ayub Kalule alipanda ulingo wa ngumi katika ukumbi wa Astrodome mjini Houston kuutetea mkanda wake wa dunia dhidi ya Sugar Ray Leonard. Kalule, bondia wa mkono wa kushoto aliyeuchukua mkanda huo Japani mwaka 1979, alikuwa hajashindwa katika ngumi za kulipwa, na Leonard alihitaji raundi tisa kummaliza. Cornelius Boza-Edwards, mzaliwa wa Uganda, alikuwa bingwa wa dunia mwaka huohuo. John Mugabi wa Kampala, mshindi wa medali ya fedha katika Olimpiki ya Moscow ya 1980, alikutana na Marvin Hagler huko Las Vegas mwezi Machi 1986 katika pambano lililofika raundi ya 11, kisha akaja kuwa bingwa wa dunia mwaka 1989. Kweli, hata Mugabi alibandikwa jina la utani la mnyama. Lakini ngumi zilimlazimu mtazamaji akubali kwamba huyu Mganda anazijua kanuni, ana kocha, ana mpango, na anaweza kukushinda kwa mpango huo. Kwa hiyo Uganda ya wanamichezo mahiri na Uganda ya jitu bubu zilionyeshwa kwa hadhira ya Marekani katika miaka ileile. Waandaaji wa mieleka walichagua moja.

Jibu la haraka ni kwamba enzi zilikuwa hizo, na Kusini mwa Marekani kulikuwa hivyo. Jibu hilo linaionea hata historia ya Memphis yenyewe. Miaka zaidi ya ishirini kabla ya Kamala, katika mji huohuo, mwanamieleka mzungu Sputnik Monroe alikuwa amependwa na watu weusi kiasi kwamba sehemu ya juu ya ukumbi waliyotengewa haikuwatosha, naye akashikilia kwamba hapigani mpaka waruhusiwe kukaa popote. Ukumbi ukafunguliwa. Tena mwaka 1982 wenyewe, jirani tu katika eneo la Mid-South lililohudumia Louisiana na Mississippi, steringi namba moja alikuwa Junkyard Dog, mtu mweusi, aliyekuwa akiwajaza watu katika uwanja wa Superdome mjini New Orleans. Ernie Ladd, mweusi mwingine aliyetoka kwenye mpira wa Marekani, alikuwa adui wa kuzungumza. Kipaza sauti kilikuwa silaha yake kuliko ngumi. Basi soko la Kusini lilikuwa limeshathibitisha kwamba litalipa kumwona mtu mweusi akishinda, na litalipa kumsikia akijigamba. Kuchagua bubu halikuwa jambo lililolazimishwa na enzi. Lilikuwa uamuzi wa watu waliokuwa na njia nyingine mbele ya macho yao, na wengine walizitumia njia hizo wakatajirika.

Kuna utetezi mwingine unaopendwa zaidi siku hizi: kwamba mieleka ni maigizo na kila mtu anajua. WWF yenyewe ilikiri mbele ya Seneti ya jimbo la New Jersey mwaka 1989 kwamba maonyesho yake ni burudani, ili ijiepushe na usimamizi na kodi za michezo ya ushindani. Sawa. Lakini kujua kwamba mshindi amepangwa ni jambo moja, na kujua kwamba Uganda haiko hivyo ni jambo jingine kabisa. Shabiki wa Tennessee aliyekuwa na hakika kwamba pambano limepangwa hakupata kwa hakika hiyo maarifa yoyote kuhusu Kampala. Mchezo ulimwambia wazi kwamba ngumi ni za uongo. Haukumwambia kwamba ramani nayo ni ya uongo. Ndiyo maana maigizo haya yana nguvu: mtu hujihadhari na matokeo, akayapokea mengine yote bila kujihadhari. Na kanda za video zilipoanza kufika kwetu, zikaonyeshwa kwenye vibanda vya mitaani, mtoto wa Mwanza au wa Kisumu ambaye Uganda kwake ni ng'ambo ya ziwa alionyeshwa kuwa jirani yake ndiye jitu lisilojua kumlaza mtu chali. Yeye alikuwa na namna ya kuupima uongo huo. Mtoto wa Memphis hakuwa nayo.

Wengine huitaja Kinshasa. Husema kwamba hata Waafrika wenyewe, wanamieleka wa Kongo, hupanda ulingoni na hirizi na dawa, wapinzani wakaanguka kwa nguvu za uchawi, na mashabiki wao hushangilia. Ni kweli, na mieleka ile ni sanaa yenye utajiri ambayo inastahili kuandikiwa makala yake peke yake. Lakini mwanamieleka wa Kinshasa hupita mitaani kabla ya pambano akiwa na bendi nyuma yake, akijigamba, akiwatisha wapinzani kwa Kilingala kinachoeleweka na kila mtu barabarani, na uchawi anaouigiza ni jambo ambalo hadhira yake inalijua kwa undani, inalicheka, inaliogopa na kulibishania. Ni mtu anayezungumza na wakwao. Tofauti yake na Kamala haiko kwenye mavazi, kwa maana mavazi yanaweza hata kufanana. Iko kwenye nani anashika usemi.

Linabaki suala la Harris mwenyewe, na hapa ndipo wanaotaka jina lifutwe wanapomdhulumu. Alikubali uhusika huo, akauishi kwa miongo, ukamlisha. Kumlaumu mtu wa Coldwater aliyeanza mashambani kwa kukubali kazi iliyomfikisha Madison Square Garden ni kuirusha lawama kwa aliye chini kabisa kwenye ngazi. Tena kazi aliifanya kwa ustadi ambao haujasifiwa inavyotosha. Chukua kanda yoyote ya ziara yake na Hogan ya mwisho wa 1986 na mwanzo wa 1987. Harris hana neno la kutumia, hivyo hutumia kila kitu kingine: macho yanayohama polepole kutoka kwa mwamuzi hadi kwa watu wa mstari wa mbele, hatua fupi za pekupeku, mikono inayojishika tumboni kabla ya kuruka, woga wa ghafla ambao kwa mtu wa ukubwa ule unamfanya mtazamaji amwonee huruma bila kutaka. Kwa mtu wa kilo zaidi ya 170, alisogea upesi na kwa uangalifu. Kuifanya hadhira iogope, icheke na ihurumie ndani ya dakika kumi bila kutamka neno ni kipaji.

Malipo ya kipaji hicho ndiyo yanayoonyesha uhusika ulimgharimu nini. Tarehe 29 Agosti 1992 alipigana na Undertaker katika uwanja wa Wembley, London, mbele ya umati uliotangazwa kuwa wa watu zaidi ya 80,000, na mwezi Novemba wakapigana tena katika pambano la jeneza. Baadaye Harris alisema waziwazi kwamba alilipwa sehemu ndogo mno ya alichopata mpinzani wake. Mikanda alivishwa Memphis. Katika WWF hakuwahi kuvishwa hata mmoja. Naona jambo hili limefungamana na ububu. Adui anayezungumza anaweza kujenga ugomvi wake, akadai nafasi, akageuzwa steringi kesho. Asiyezungumza hubaki chombo cha kumkuza mwingine. Mwanzoni mwa 1993 WWF ilijaribu kumgeuza: Slick, meneja ambaye sasa aliigiza kama mchungaji, alimtoa mikononi mwa mabwana zake na kumfundisha kuishi kama watu, pamoja na kucheza mchezo wa kuviringisha tufe na kuangusha vigongo. Hata katika ukombozi huo, aliyezungumza alikuwa Slick. Pambano lake la WrestleMania la mwaka huo, dhidi ya Bam Bam Bigelow, likaondolewa kwenye ratiba kwa kukosa muda, na kabla ya mwaka kwisha akawa ameondoka. Kisukari kikamkata miguu yote miwili, mmoja mwaka 2011 na mwingine 2012. Akaandika kitabu cha maisha yake, Kamala Speaks, akasimulia Mississippi, barabara na fedha kwa maneno yake mwenyewe. Alifariki tarehe 9 Agosti 2020 kwa matatizo yaliyotokana na korona, akiwa na miaka 70.

Anayedhani mambo haya yalizikwa pamoja na miaka ya 1980 amwangalie Kofi Kingston, mzaliwa wa Ghana. Alipoonyeshwa kwenye televisheni ya WWE, jina jipya la WWF, mwaka 2008, alitangazwa kuwa Mjamaika, na lafudhi akapewa. Ilichukua zaidi ya mwaka mmoja kwa kampuni kumtangaza kwamba anatoka Ghana. Kizazi kimoja kabla yake Mmarekani alilazimika kuwa Mwafrika ili auzike, na sasa Mwafrika halisi alilazimika kuwa mtu wa kisiwa cha Karibea. Tarehe 7 Aprili 2019 Kofi alimshinda Daniel Bryan akawa bingwa wa WWE, wa kwanza aliyezaliwa Afrika, na katikati ya mwaka akaupeleka mkanda Ghana. Kilichomfikisha pale ni miezi ya kuzungumza: alisimama na kipaza sauti, akahesabu miaka 11 aliyoitumikia kampuni, akauliza kwa nini hajapewa nafasi, na mashabiki wakamwitikia.

Kwa hiyo mashabiki wanapopanga majitu waliopambana na Hogan, mimi namweka Harris juu ya King Kong Bundy, aliyepewa pambano kuu la WrestleMania 2 mwaka 1986 ndani ya kizimba. Bundy alikuwa na ukubwa, na alikuwa na maneno pamoja na meneja hodari wa kumsemea. Harris alikuwa na ukubwa na uso wake, na akaweza kuushika ukumbi sawasawa, wakati mwingine kwa nguvu zaidi. Wanaomweka chini hutaja mikanda aliyoikosa, lakini mikanda hugawiwa na ofisi, na ofisi ilikuwa imeshaamua tangu siku ya kwanza kwamba mhusika huyu hana la kusema.